Vikaratasi Sita vya Bi Orpha

Watu wenye vyeti hawajanitendea mema mengi, kwa hiyo sina haraka ya kuwasifu. Nimepika katika shule ya Caney Fork miaka kumi na tisa. Nafasi ya mpishi mkuu ilipobaki wazi, akapewa msichana niliyemfundisha mwenyewe kuwasha oveni, kwa kuwa yeye alimaliza sekondari na mimi niliishia darasa la nane, mama alipougua nikabaki nyumbani kulea wadogo zangu. Barua ya kuninyima ilitiwa saini na Bwana Garland Pruitt, mkurugenzi wa elimu wa kaunti yetu. Bado ninayo. Nimelitaja hilo mapema ili ieleweke kwamba nikimsema Orpha Tackett kwa wema, simsemi hivyo kwa mazoea.

Orpha alizaliwa juu kabisa ya bonde la Stillhouse, mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake alichimba makaa ya mawe mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Akiwa na miaka kumi na saba aliandikwa kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya mgodi, na walioufanyia kazi mgodi ule wanasema alipiga haraka kiasi kwamba msimamizi alikuwa akisimama nyuma yake kumtazama tu. Mgodi ukafungwa. Mumewe alikuwa ameshaharibika mapafu. Orpha akaanza chuo cha ualimu akiwa na miaka thelathini na mbili, mwendo wa saa mbili kwa gari kwenda na saa mbili kurudi, watoto wawili amewaacha kwa mama mkwe. Mwaka wa pili mume akafariki. Alizika Jumamosi, na Jumatatu akafanya mtihani. Wapo waliomsema kwa hilo, na wanajijua.

Alipohitimu alipewa maktaba ya shule yetu, na mimi nilimjua kwa mbali tu, mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya kiume na kula mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa ndani ya glasi ya mtindi, kila siku, huku anasoma. Kisha kompyuta zikaletwa. Zilikuja kwenye maboksi kumi na moja mwezi wa tisa, na maboksi yakakaa kwenye ushoroba mpaka Krismasi ikapita, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika ni kazi ya nani kuyafungua. Walimu waliyazunguka. Watoto waliyakalia. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza Orpha akaja dirishani kwangu jikoni.

"Reba, niazime kisu cha mkate."

"Cha nini?"

"Cha kufungulia teknolojia."

Alifungua yote kumi na moja peke yake, akasoma vitabu vya maelekezo ukurasa kwa ukurasa, na kufikia mwezi wa tatu shule ilikuwa na chumba cha kompyuta na yeye ndiye mwalimu wake. Kisu alikirudisha kikiwa kimenolewa.

Hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Nilimsikia mara nyingi nikipita na toroli la maziwa. Mtoto akisema, "Bi Orpha, kompyuta yangu imekufa," yeye alijibu bila kugeuka, "Haijafa. Umekalia waya." Kila mtoto wa shule ile alipata saa moja kwa wiki kwake. Kwetu kule mabondeni nyumba zenye kompyuta ungeweza kuzitaja kwa majina, kwa hiyo saa hiyo moja ndiyo yote waliyokuwa nayo. Wangu wawili walipita mikononi mwake. Mmoja leo anatengeneza mashine za hospitali huko mjini, na hakurithi akili hiyo kwa baba yake.

Sasa nije kwenye lile la vikaratasi.

Ilikuwa majira ya kuchipua, mwaka lile daraja la chini liliposombwa na mafuriko. Orpha aliingia jikoni baada ya chakula cha mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akakaa juu ya ndoo ya kachumbari iliyogeuzwa. Alikuwa na barua.

"Wananiondolea darasa, Reba."

"Nani?"

"Pruitt. Bodi itapiga kura Jumanne baada ya Pasaka. Mimi nirudi maktaba, chumba cha kompyuta kifungwe, mashine zipelekwe ofisini kwao."

"Amesema kwa nini?"

Akanieleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Jimbo letu lina orodha ya yale ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuyajua kuhusu teknolojia. Orodha hiyo huitwa viwango. Taifa nalo lina orodha yake, iliyoandikwa na chama cha walimu wa mambo hayo kutoka nchi nzima. Hazifanani maneno. Kaunti yetu ilikuwa imemwajiri mtaalamu kutoka mjini azilinganishe, naye akaleta kijitabu chenye jalada la plastiki kusema kwamba viwango vya jimbo letu vinakubaliana na vya taifa kwa asilimia tisini na saba. Pruitt alichukua hiyo tisini na saba akaenda nayo mbali. Kama jimbo letu liko sawa na taifa, alisema, na kama mambo ya jimbo ni mepesi kiasi cha kugawiwa walimu wa hesabu na wa Kiingereza, basi darasa la peke yake la kompyuta la nini?

"Tisini na saba ni nyingi," nikasema.

"Ni nyingi mno," Orpha akasema. "Nimefundisha orodha ya jimbo miaka yote hii. Naijua. Haiwezi kupata tisini na saba hata ikitahiniwa na mama yake mzazi."

Siku iliyofuata, watoto walipopanda mabasi, alikuja bwaloni na mkasi na orodha zote mbili. Ya taifa alikuwa ameichapa kwenye karatasi nyeupe, ya jimbo kwenye karatasi ya njano. Akakata kila kiwango kikawa kikaratasi chake. Vyeupe vilikuwa ishirini na vinne, vya njano arobaini na kimoja. Vyeupe alivitandaza juu ya meza za kulia, kimoja kimoja, kwa nafasi. Kisha akachukua cha njano, akakisoma mara mbili, akazunguka meza akitafuta cheupe kinachosema jambo lile lile, akakiweka juu yake. Ndiyo kazi aliyofanya mtaalamu, ila mtaalamu aliifanya kwa mashine ya kutafuta maneno yanayofanana. Orpha aliifanya kwa miguu.

Michana mitatu alizunguka vile. Mimi nilifuta meza nyingine nikaacha zake. Mara nyingine alinisomea.

"'Mwanafunzi ataje sehemu za kompyuta.' Hiki kinakwenda na hiki cheupe cha kutumia vifaa. 'Mwanafunzi awashe na kuzima kompyuta ipasavyo.' Hapo hapo. 'Mwanafunzi asile chakula karibu na kompyuta.' Hapo hapo."

"Mbona vyote vinalundikana juu ya kimoja?"

"Kwa sababu waliandika orodha hii wakati kompyuta ilikuwa kama ng'ombe mgeni. Walitaka watoto wajue pembe ziko wapi."

Mchana wa tatu alimaliza. Mkononi alibaki na cha njano kimoja tu kilichokosa mahali, kile cha kuweka diski mbali na sumaku. Arobaini kati ya arobaini na kimoja. Akapiga hesabu pembeni mwa gazeti, akaketi.

"Tisini na saba na ushei," akasema. "Yule bwana hakukosea."

Sikuwa nimewahi kumwona amekata tamaa, hata siku ya mazishi ya mumewe. Alivua miwani akaishika mapajani kama mtu aliyeagizwa asubiri. Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa, nikitaka kujua meza zipi sasa naweza kufuta. Nikaziangalia. Lundo la njano huku, lundo la njano kule, na katikati vikaratasi vyeupe viko wazi, havina kitu juu.

"Na hivi?" nikamuuliza.

"Hivi vipi?"

"Hivi vyeupe ambavyo havijafunikwa. Viko sita."

"Hivyo ni vya taifa, Reba. Mimi nilikuwa natafutia mahali vya jimbo."

"Najua. Lakini mimi nikigawa chakula siangalii tu kama kila sahani imepata mtu. Naangalia kama kuna mtoto aliyekaa bila sahani. Sahani zote zinaweza kwisha na mtoto akabaki na njaa, maana kuna waliochukua mbili."

Akavaa miwani. Akasimama na kuzunguka meza zote tena, mikono nyuma, hagusi kitu, anasoma vile sita tu.

"Wameuliza upande mmoja," akasema mwishowe. "Wameuliza kama vyetu vimo ndani ya vya taifa. Hawakuuliza kama vya taifa vimo ndani ya vyetu. Na mimi nimefuata nyayo zao siku tatu kama kondoo." Akainama. "Sikiliza kilichobaki wazi. 'Mwanafunzi apime kama habari aliyoipata ni ya kweli na imetoka kwa nani.' 'Mwanafunzi afanye kazi pamoja na wanafunzi wa mahali pengine.' 'Mwanafunzi abuni kitu kipya chake mwenyewe.' Ndiyo kiini chote, Reba. Kilichofunikwa ni kuwasha na kuzima."

Nikamwambia sawa, ila meza ya nne naihitaji kwa kifungua kinywa. Alicheka mpaka akapaliwa.

Bodi ilikutana pale pale bwaloni, kwa kuwa dari ya ofisi yao ilikuwa inavuja tangu mafuriko. Watu watano wa bodi, mwenyekiti wao Delmar Crum mwenye duka la matairi, na Pruitt pembeni na kijitabu chake cha plastiki. Wazazi walikuja kama thelathini hivi. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya kahawa. Orpha alipewa dakika tano. Alikuwa ametandaza vikaratasi kwenye meza za nyuma, vya njano juu ya vyeupe, kila cha njano kimebandikwa kwa gundi kisipeperuke.

"Naomba bodi isimame ije huku," akasema.

"Bi Orpha, hapa si darasani," Pruitt akasema.

"Ni bwalo la shule, Bwana Pruitt. Karibu na darasa kuliko ofisi."

Delmar akasukuma kiti. "Mimi nimekaa chini ya gari tangu asubuhi. Acheni ninyooshe miguu."

Wakaenda wote watano. Orpha akaeleza kwa maneno machache: vyeupe ni vya taifa, vya njano ni vyetu, na vyetu vyote isipokuwa kimoja vimepata pa kukaa. Hapo ndipo tisini na saba ilipotoka, na ni kweli. Kisha akawaonyesha vile sita vilivyo wazi. Akampa kila mwanabodi kimoja, cha sita akabaki nacho, akasema, "Tafuteni cha njano cha kukifunika. Mkivipata vyote, nitafunga chumba mwenyewe na funguo nitawaletea."

Hapo watu wazima watano, na mmoja wao mwenye fimbo, wakaanza kuzunguka meza za watoto wamevaa miwani ya kusomea. Bi Iva Lou Stidham, aliyefundisha nusu ya waliokuwa mle katika shule ya Jumapili, alikuwa na kile cha kufanya kazi na wanafunzi wa mahali pengine. Akatafuta kwa haki kabisa. Akasimama.

"Nimekipata kilicho karibu," akasema. "'Mwanafunzi asiguse kompyuta ya mwenzake.'"

Watu wakacheka, naye akacheka, akabaki nacho mkononi.

Delmar yeye hakutaka kushindwa. Alikuwa upande wa Pruitt, kila mtu alijua, maana walioa dada na dada. Cha kwake kilikuwa cha kupima ukweli wa habari. Akakipeleka kwenye meza ya tatu, akakiweka kando ya cha njano kimoja, akakipiga kwa kidole.

"Hiki hapa. 'Mwanafunzi atafute habari kwa kutumia kompyuta.' Nimekufunika, Orpha."

"Kutafuta siyo kupima, Delmar."

"Ni kitu kile kile."

"Lile trekta la kukatia nyasi ulilitafuta kwenye kompyuta au ulilipima?"

Sasa hapo sina budi kueleza. Msimu uliotangulia Delmar aliona kwenye kompyuta trekta dogo la kukatia nyasi, la mtu wa jimbo jingine, zuri, rangi nyekundu. Akatuma malipo. Trekta halikuja, na yule mtu alipotafutwa ilionekana hayupo na hakuwahi kuwapo. Kaunti nzima ilijua, kwa kuwa Delmar alishajenga kibanda cha kuliweka, na kibanda kiko kando ya barabara.

Mtu nyuma akasema, "Kibanda kizuri lakini," na watu wakaangua kicheko. Delmar akawa mwekundu shingoni. Nilidhani tumempoteza. Orpha hakucheka. Akamwambia kwa sauti ya chini, ila nilikuwa karibu nikasikia, "Wewe ni mtu mwerevu, Delmar, na hakuna aliyekufundisha. Hilo tu ndilo ninalosema."

Pruitt akainuka. Akasema mtaalamu wa kaunti ana shahada mbili na amelinganisha viwango vya majimbo manane. "Na hii kazi ya gundi na mkasi imehakikiwa na nani?"

"Na Reba Sizemore," Orpha akasema.

"Reba yupi?"

"Huyo mwenye birika."

"Mpishi?"

"Ndiye aliyeona hivyo sita. Mtaalamu hakuviona na shahada zake mbili, na mimi sikuviona na yangu moja, na nilikuwa nimevitandaza mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na birika la kahawa mkononi na sikujua niliweke wapi. Pruitt alinitazama mimi, tena kwa mara ya kwanza tangu alipotia saini ile barua yangu, akakaa chini. Katika miaka yote niliyofanya kazi pale, watu wamechukua vya kwangu wakaviita vyao, na nilikuwa nimezoea. Orpha angeweza kusema "mimi" na hakuna ambaye angejua. Mimi mwenyewe nisingemlaumu.

Kura ikapigwa pale pale, wakiwa wamesimama. Wawili wakasema chumba kifungwe. Bi Iva Lou na yule mwenye fimbo wakasema kisifungwe. Delmar alikuwa wa mwisho. Alikuwa bado ameshika kikaratasi chake cheupe.

"Kibaki," akasema. "Mpaka mwezi wa kumi na mbili. Ukifika, Bi Orpha utuletee kazi ya watoto wenyewe, tuone kama kweli umefundisha hivi sita. Kama hamna kitu, tunafunga bila maneno. Na saa za ziada hakuna."

"Sijaomba," Orpha akasema.

Basi vuli yote ile alifundisha viwili kwa wakati mmoja, vya njano kwa sababu jimbo lilivitahini na vile sita vyeupe kwa sababu darasa lilining'inia hapo, katika saa ile ile moja kwa wiki. Alikuja kabla ya mabasi. Alikonda, na hakuwa na cha kukonda. Watoto wa darasa la tano waliandikiana na shule moja ya wavuvi kule kaskazini kuhusu maji ya mito, maana yetu ina madini na yao ina samaki. Mvulana wa Stidham alibuni ramani ya basi inayoonyesha nani anasubiri wapi. Nilimwona Orpha mara moja amelala amekaa, kalamu mkononi, mtindi wake haujaguswa. Nikaurudisha kwenye friji.

Kwa kile cha kupima ukweli aliwapa darasa la nane ukurasa wa kaunti yetu wenyewe kwenye kompyuta, ule wa Pruitt, akawaambia, "Kila sentensi. Ni kweli, si kweli, na mmejuaje."

Mwezi wa kumi na mbili bodi ilikutana tena bwaloni. Watoto wanne wa darasa la nane wakasimama mbele. Msichana mmoja, Tansy Hobbs, mtoto wa bonde la Stillhouse, akasoma bila kuinua uso.

"Ukurasa unasema shule yetu ina nesi kila siku ya masomo. Tumepima. Tumeuliza watu watatu, kila mmoja bila kujua wenzake wamesema nini. Wote wamesema Nesi Wanda aliondoka miaka miwili iliyopita. Tumefungua mlango wa chumba cha nesi. Ndani kuna mti wa Krismasi wa plastiki na ndoo za kudekia. Tumetafuta tarehe ya ukurasa, na umebadilishwa mwezi uliopita, kwa hiyo si kwamba umesahauliwa. Tumeona sentensi hii si ya kweli. Imetoka kwa ofisi ya mkurugenzi."

Delmar alimwomba asome tena sehemu ya tarehe. Akasoma. Pruitt alisema ni kosa la karani. Bi Iva Lou akamuuliza karani yupi.

Kura ilikuwa watano kwa sifuri. Pruitt hakuwa na kura, kwa hiyo ilikuwa wote. Darasa likabaki, na lipo mpaka leo, ingawa Orpha amestaafu na mwalimu wa sasa ni mmoja wa waliokalia yale maboksi.

Ukurasa wa kaunti ulirekebishwa kesho yake kabla sijapakua chakula cha mchana. Ile sentensi ilifutwa. Nesi hakuletwa. Tansy alimfuata Orpha kwenye meza yake ya kulia nikiwa napita na sinia.

"Bi Orpha, sasa hapo tumeshinda au tumeshindwa?"

Orpha alimeza alichokuwa anatafuna, akamsogezea kiti kwa mguu.

"Kaa," akasema. "Tunaandika barua. Anza na tarehe."